Kitabu cha kumbukumbu cha mwakani: tuanze lini, na tumkabidhi nani kazi?

Mlezi wa Klabu ya Habari, Morogoro

Ndugu walimu, nawasalimu.

Mimi ni mlezi wa klabu ya habari katika shule ya sekondari ya bweni yenye kidato cha kwanza hadi cha nne. Kila mwaka klabu hutoa kitabu cha kumbukumbu ambacho wahitimu hukabidhiwa siku ya mahafali, na kwetu mahafali hufanyika mapema Oktoba. Kitabu cha mwaka huu kimekwisha kwenda kwa mchapaji. Kabla wahariri wangu wa kidato cha nne hawajazama kabisa katika maandalizi ya mtihani wa Taifa wa Novemba, ningependa kuutumia muda mfupi uliobaki nao kupanga kitabu cha mwakani.

Yanayonitatiza yote yanahusiana. Utaratibu tuliourithi ni kwamba mhariri mkuu na wasaidizi wake hutoka kidato cha nne, kwa hoja kwamba kitabu ni chao. Lakini miezi ambayo kitabu hudai kazi nyingi zaidi, yaani Julai na Agosti, ndiyo miezi ya mtihani wa utimilifu na ya vipindi vya ziada vya jioni, na mwalimu wa taaluma ana haki ya kuwadai wanafunzi wake. Nikiwachagua wahariri kutoka kidato cha tatu, nachelea kwamba wahitimu watajiona wameandikwa na watu wengine. Hao watakaokuwa kidato cha tatu mwakani, kwa sasa wako kidato cha pili, nao wana upimaji wao wa kitaifa mwishoni mwa mwaka huu.

Jambo jingine ni picha. Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, sera ambayo naiunga mkono, kwa hiyo kumbukumbu zote hutegemea kamera moja ya shule na simu za walimu. Matokeo yake ni kwamba ziara ya mgeni rasmi ina picha za kumwaga, ilhali foleni ya uji, usafi wa Jumamosi na vipindi vya kujisomea usiku havina hata moja, na hayo ndiyo maisha ambayo wahitimu watatamani kuyaona tena. Ningependa wanafunzi wenyewe waishike kazi hiyo. Je, ninyi huanza lini, huwachagua akina nani, na huwapa mamlaka gani ili kitabu kiwe chao kweli, badala ya kuwa cha mlezi anayekesha peke yake mwezi wa Agosti?

Mwalimu wa Kiswahili, Iringa

Mwalimu mwenzangu, nianze na suala la wakati, kwa sababu hilo likikaa sawa mengine huwa mepesi. Ugumu unaoueleza unatokana na kuhesabu mwaka wa kitabu kwa kalenda ya Januari hadi Desemba wakati kitabu chenyewe hutoka Oktoba. Mahafali ya mwaka huu, Siku ya Nyerere ya tarehe 14 Oktoba, ibada na dua za kuwaombea watahiniwa, siku ya kufunga shule Desemba: hakuna hata moja kati ya hayo litakaloingia katika kitabu kilichokwisha kufungwa, na Januari ikifika, kila mtu huanza upya kana kwamba hayakutokea. Sisi tuliuhamisha mwaka wa kitabu ukawa unaanza Septemba na kuishia Agosti. Kikosi kipya huteuliwa Septemba, na kazi yake ya kwanza ni kuandika habari za mahafali ya wenzao wanaoondoka. Kwako wewe, basi, kitabu cha mwakani kinaanza mwezi huu.

Faida yake ni kwamba wanaoondoka bado wapo shuleni na wanaweza kufundisha. Mpiga picha wa zamani humwonyesha mpya mahali pa kusimama ili jua lisiwe nyuma ya anayepigwa picha; mhariri humwonyesha mwenzake namna ya kumrudishia mwandishi makala bila kumvunja moyo. Mlezi anaweza kuyasema hayo yote kwa mdomo, lakini mwanafunzi huyapokea kwa urahisi zaidi kutoka kwa aliyeyatenda wiki mbili zilizopita.

Kuhusu akina nani, sisi hugawa uongozi katika sehemu mbili. Wanafunzi walio kidato cha tatu sasa huanza Septemba na kuongoza mpaka mwisho wa Machi, wakiwa wameingia kidato cha nne. Wa kidato cha pili huachwa wafanye upimaji wao kwa utulivu, na huingia kazini Januari, baada ya matokeo kutoka na kila mmoja kujua yuko darasa gani. Aprili hushika usukani, na wale wa kidato cha nne hubaki washauri wanaoulizwa, si wanaotumwa. Kwa namna hiyo mhariri wa kidato cha nne haguswi Julai wala Agosti.

Kabla ya kugawa kazi, chora ramani ya kurasa. Chukua karatasi kubwa ya manila, chora miraba kulingana na idadi ya kurasa unazokusudia, kisha andika katika kila mraba kitu kitakachokaa hapo, jina la mwanafunzi anayehusika, na tarehe ya kukikabidhi. Ibandike ukutani katika chumba cha klabu. Nawasihi walimu wasiidharau karatasi hiyo kwa sababu ya unyenyekevu wake. Mwanafunzi anapoona jina lake ndani ya mraba ulio mtupu mwezi wa Februari, na miraba ya jirani zake imekwisha kujaa, hahitaji kukumbushwa mstarini. Nusu ya miraba iwe imejaa kabla ya likizo ya Juni, kwa sababu baada ya hapo mnabakiwa na Julai na nusu ya Agosti tu. Michezo ya UMISSETA, yaani mashindano ya shule za sekondari, nayo huangukia katikati ya mwaka, kwa hiyo teua mapema mmoja wa wanamichezo wenyewe awe mwandishi wa safari hiyo. Usisubiri kuomba picha kwa watu wakisharudi.

Kuhusu kamera, tuna daftari la kuichukua na kuirudisha, na kila wiki kuna mpiga picha wa zamu mwenye orodha fupi ya mambo ya kawaida: jikoni, maabara, bustani, foleni ya maji, maktaba. Ijumaa hurudisha kamera, picha huhamishiwa kwenye kompyuta ya shule, na kabla hajaondoka huandika majina ya waliomo. Hili la majina lifanyike siku hiyohiyo. Picha ya Februari isiyo na majina huwa fumbo ifikapo Agosti, na fumbo hilo humwangukia mlezi.

Mwisho, kuweni na jedwali la wahitimu wote, na kila anayetokea kwenye ukurasa awekewe alama. Bila jedwali, kaka mkuu, dada mkuu na wachezaji wa mpira hujaza kitabu, na yule mtoto mkimya wa mkondo wa B huonekana mara moja tu, kwenye picha yake ya pasipoti. Kwetu hairuhusiwi kitabu kufungwa kabla kila mhitimu hajatokea walau mara mbili nje ya picha hiyo.

Mchapaji, Kariakoo, Dar es Salaam

Naomba niongezee upande wa kiwandani, kwa kuwa vitabu vya shule hupita mikononi mwetu kila mwaka na matatizo ni yaleyale.

Idadi ya kurasa ipangwe tangu ile ramani aliyoitaja Mwalimu wa Iringa. Kitabu cha kubanwa kwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4, na mashine kubwa huchapa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, kwa hiyo 48 au 64 ni idadi zinazotumia karatasi vizuri kuliko 50 au 66. Kikizidi unene fulani, pini hazishiki vizuri, na hapo itabidi mgongo ubandikwe kwa gundi. Ikiwa mtatumia gundi, acheni nafasi ya kutosha upande wa ndani, vinginevyo sura ya mtu itamezwa na mkunjo.

Picha nzuri ya ukurasa mzima wa A4 huhitaji takriban nukta (pikseli) 2,480 kwa 3,508, na ya robo ukurasa takriban 1,240 kwa 1,748. Kamera yoyote ya kawaida hufikia hapo. Tatizo ni kwamba walimu hututumia picha kwa WhatsApp, ambayo huzipunguza ubora njiani. Kama hakuna njia nyingine, zitumwe kama nyaraka badala ya kutumwa kama picha, na lililo bora zaidi ni kuzileta kwenye flashi. Rangi nayo huonekana tofauti kwenye kioo cha kompyuta na kwenye karatasi. Kama sare ya shule ni ya kijani au zambarau, ombeni ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kazi yote kuchapwa.

Shule nyingi hupanga kurasa kwa Publisher. Microsoft imekwisha kutangaza kwamba programu hiyo itafikia mwisho wake Oktoba 2026, kwa hiyo kikosi kipya kifundishwe kitu kingine tangu mwanzo. Scribus haina malipo, inafanya kazi bila intaneti, na hutoa PDF inayofaa kwa uchapaji. Canva ni rahisi zaidi kwa anayeanza, lakini huhitaji intaneti. Faili la mwisho liwe na milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukata.

Wekeni nafasi kwa mchapaji mapema, hata Mei au Juni, mkikubaliana tarehe ya kuleta faili na tarehe ya kupokea nakala. Septemba mahafali ni mengi, na kuanzia Oktoba viwanda hujaa kalenda na shajara za mwaka mpya. Ulizeni pia bei kwa njia zote mbili: kwa nakala chache uchapaji wa kidijitali huwa nafuu, na nakala zikifika mamia kadhaa mashine ya sahani (ofseti), ambayo kwanza hutengenezewa sahani za kurasa, hushinda. Prufu, yaani nakala ya majaribio ya kusahihishwa, isomwe kwenye karatasi na watu watatu tofauti. Sahani zikishatengenezwa, kila jina linalorekebishwa lina gharama.

Mwalimu wa Taaluma, Tabora

Nimeisoma michango hii kwa makini, na mengi nakubaliana nayo. Pamoja na hayo, sikubaliani na uongozi wa vipande viwili uliopendekezwa kutoka Iringa. Mhariri anayejua kwamba ataondoka Machi hupanga mambo ya mpaka Machi, na anayepokea Aprili hukuta maamuzi asiyoyafanya yeye, kisha lawama humkuta yeye. Mwanafunzi hujifunza uwajibikaji pale anapoona uamuzi wake wa mwanzoni mwa mwaka ukimfaa au ukimgharimu mwishoni. Mimi ningemteua mhariri mkuu mmoja kutoka kidato cha tatu, tangu Januari hadi kitabu kifike, na kipindi cha Septemba hadi Desemba kishikwe na kikosi kidogo cha muda kilichopewa kazi moja tu, kukusanya.

Hofu ya Mwalimu wa Morogoro, kwamba wahitimu watajiona wameandikwa na wengine, ni ya kweli na inastahili jibu. Jibu langu ni kuwapa kidato cha nne sehemu yao ndani ya kitabu, wakaiandika wenyewe na kuihariri wenyewe, na mhariri mkuu wa kidato cha tatu asiwe na ruhusa ya kuibadilisha isipokuwa makosa ya tahajia. Waandike Februari na Machi, wakati bado wana nafasi, na sehemu hiyo ifungwe kabla ya likizo fupi ya Aprili. Nikiwa mwalimu wa taaluma ningeukubali mpango huo bila kusita, kwa sababu una mwisho unaojulikana. Kinachotukwaza sisi watu wa taaluma ni kazi isiyo na tarehe ya kuisha, hasa inayoombewa ruhusa kila wiki.

Kuna jambo ambalo halijatajwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha na jina la mwanafunzi ni taarifa binafsi. Wengi wa wanafunzi wetu ni watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, yaani hawajatimiza miaka 18, hivyo ridhaa ya mzazi au mlezi itafutwe kwa maandishi. Fomu hiyo iende pamoja na fomu nyingine za Januari, wanafunzi wanaporipoti, na itenganishe mambo mawili: picha katika kitabu kilichochapwa, na picha katika mitandao ya shule. Mzazi anaweza kukubali la kwanza na kukataa la pili. Kwa jirani zetu wa Kenya, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Wahariri wanafunzi waelezwe habari hii mapema, kwa sababu ni sehemu ya kazi ya uandishi wa habari sawa na kuandika kichwa cha habari.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Katika shule ya umma, mchango wa kitabu uwe wa hiari kweli, na asiwepo mtoto atakayekosa kuandikwa kwa sababu mzazi wake hakununua nakala. Oda zikusanywe Julai ili idadi ijulikane kabla ya kwenda kwa mchapaji, malipo yapite kwenye akaunti ya shule, na wanafunzi wasishike fedha mkononi hata siku moja.

Mhariri wa zamani wa kitabu cha shule, Dodoma

Shikamoni, walimu wangu. Niliwahi kuwa mhariri wa kitabu cha shule na sasa nasoma chuo kikuu. Naomba kusema kidogo kutoka upande wa wanafunzi.

Kwanza, makabidhiano yawe ya maandishi. Sisi tulipokea daftari kutoka kwa waliotutangulia, na ndani yake mlikuwa na mambo ambayo mlezi hakuyajua: ni siku gani mpishi mkuu ana nafasi ya kuzungumza, kwamba taa za bwalo huharibu rangi za picha za usiku, ni nani kati ya walimu hutoa makala yake kwa wakati na nani huhitaji kuombwa mapema. Mwalimu wa Morogoro akiwaomba wahariri wake waandike daftari kama hilo sasa, kabla ya Novemba, watafanya kwa furaha, kwa kuwa ni kazi ya jioni chache na inawapa heshima ya kuwa walimu wa wadogo zao.

Pili, mamlaka. Mlezi wetu alitukabidhi kurasa ambazo yeye hakuzigusa mpaka prufu ilipokuja, isipokuwa kwa mambo mawili: jambo la kumuumiza mtu na jambo la kisheria. Kwa sababu hiyo tulibishana sana, tukaamua wenyewe kwamba kurasa nne zitakuwa za watu wasiosimama jukwaani siku ya mahafali, yaani wapishi, mlinzi, matroni na fundi wa bomba. Mzee wa getini alitusimulia jinsi shule ilivyokuwa kabla ya mabweni mapya, na hakuna mwalimu aliyekuwa akizijua habari hizo. Kama kurasa zote zingekuwa zimekwisha kupangwa na watu wazima, tusingemfikia. Kwa hiyo katika ile ramani ya manila, naomba iachwe miraba michache isiyo na kitu, na wanafunzi waambiwe wazi kwamba hiyo ni yao.

Tatu, majina. Orodha ya kila mkondo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa wiki nzima, na kila mhitimu atie sahihi mbele ya jina lake kuthibitisha kwamba limeandikwa sawa. Mtu anaweza kusamehe picha yenye giza. Jina la babu yake likikosewa huumia kweli.

Mlezi wa Klabu ya Habari, Morogoro

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimeyazungumza haya na wahariri wanaoondoka na pia na mwalimu wetu wa taaluma, na tumekubaliana kama ifuatavyo. Kikosi cha muda cha kidato cha tatu kinaanza wiki hii kukusanya habari na picha, kuanzia mahafali mpaka kufunga shule. Januari, matokeo ya upimaji yakishatoka, tutateua mhariri mkuu mmoja wa kidato cha tatu atakayekaa hadi mwisho. Katika hili nimeegemea hoja ya Tabora, ingawa nimechukua kutoka Iringa wazo la kuwafanya wa kidato cha nne kuwa washauri. Sehemu ya wahitimu itafungwa kabla ya likizo ya Aprili, na miraba sita itaachwa wazi kwa uamuzi wa wanafunzi. Kurasa zitakuwa 64. Daftari la makabidhiano limekwisha kuanzwa, na aliyekuwa mpiga picha ameandika peke yake zaidi ya nilivyotarajia kutoka kwa kikosi kizima.

Limebaki swali moja, hasa kwa Mwalimu wa Tabora. Mzazi akikataa picha ya mtoto wake kuchapishwa, tufanyeje katika kurasa za wahitimu bila kumfanya mtoto huyo aonekane ametengwa?

Mwalimu wa Taaluma, Tabora

Muulizeni mhitimu mwenyewe, faraghani, na mapema, si wiki ya kufunga kitabu. Kama mzazi ameridhia jina, mhitimu apewe nafasi yenye ukubwa uleule wa wenzake, na mahali pa picha pawekwe kitu alichokichagua yeye: mchoro wake, sahihi yake, au maneno aliyoyaandika kwa mkono na kuskaniwa. Njia nzuri zaidi ni kuwaruhusu wahitimu wote kuchagua kati ya picha na vitu hivyo; wapo watakaochagua mchoro kwa hiari yao, na hapo nafasi isiyo na picha haitakuwa alama ya mtu mmoja. Kama mzazi amekataa hata jina, ukataaji huo uheshimiwe, na mpiga picha wa zamu aelezwe asimweke mwanafunzi huyo mbele katika picha za pamoja. Orodha ya waliokataa ikae kwako wewe mlezi na kwa mhariri mkuu peke yenu, isibandikwe kwenye ile karatasi ya ukutani.